Taifa linakula nini? Dhana potofu kuhusu kupima ulaji wa watu wote

Ripoti ya ulaji wa taifa ikitoka, macho ya wengi hukimbilia namba moja: wastani. Hutajwa kwenye habari, hubishaniwa siku mbili, kisha husahaulika. Kwa maoni yangu, katika ripoti nzima hakuna namba inayosaidia kidogo kuliko hiyo. Anayeamua unga uongezwe kirutubishi gani, au anayetaka kujua wajawazito wangapi wamepungukiwa, hahitaji kujua watu wanakula kiasi gani kwa wastani. Anahitaji kujua ni wangapi hawafikii kiwango. Hayo ni maswali mawili tofauti, na dhana nyingi potofu kuhusu kazi hii huzaliwa pale yanapochanganywa.

Dhana: "Chukua chakula chote kilichopo nchini, gawanya kwa idadi ya watu, utajua wanachokula."

Hesabu hiyo ipo na ina kazi yake. Huitwa mizania ya chakula, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) huitoa kwa nchi nyingi duniani. Huanza na mavuno, hujumlisha kilichoagizwa kutoka nje na kilichotolewa ghalani, kisha huondoa kilichouzwa nje, kilicholishwa mifugo, mbegu, na kilichoharibika kabla ya kumfikia mlaji. Kinachobaki hugawanywa kwa vichwa.

Lakini kinachobaki ni chakula kilichofika mlangoni, hakijaingia kinywani. Kilichoungua jikoni, kilichooza kabatini na kilichomwagwa baada ya mlo, vyote vimehesabiwa kana kwamba vimeliwa. Tena mgawo wa kichwa hauna umri wala jinsia: mtoto wa miaka miwili na mbeba mizigo wamepewa sahani moja. Mizania hufaa sana kufuatilia mwelekeo wa miaka mingi, kwa mfano kama mafuta yanaongezeka na nafaka inapungua. Peke yake haiwezi kukuonyesha nani analala na njaa.

Dhana: "Muulize mtu alichokula jana, atakwambia."

Atakwambia, ila si chote. Njia inayotumika zaidi kwenye tafiti za kitaifa ni mahojiano ya saa 24: mdadisi humwomba mtu akumbuke kila alichokula na kunywa siku iliyotangulia. Kwa kuwa kumbukumbu huvuja, mahojiano hayafanywi kwa swali moja. Utaratibu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani una mizunguko mitano. Kwanza mtu hutaja vyote haraka bila kukatizwa. Kisha hukumbushwa vile vinavyosahaulika kirahisi, kama vitafunwa na vinywaji. Halafu huulizwa saa na tukio, baadaye undani wa kila chakula na kiasi chake, na mwisho hupewa nafasi ya kuongeza lolote.

Hata hivyo watu hupunguza. Tunalijua hilo kwa sababu kipo kipimo kisichotegemea maneno ya mtu. Mhusika hunywa maji yenye hidrojeni nzito na oksijeni nzito. Hidrojeni hutoka mwilini kupitia maji tu, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Ukilinganisha kasi ya kutoka kwa hizo mbili kwenye mkojo kwa wiki moja au mbili, unapata kiasi cha kaboni dayoksaidi kilichotoka, na kwa hicho unapata nishati ambayo mwili umeunguza. Na kama uzito haukubadilika, nishati hiyo ndiyo iliyoliwa. Utafiti uitwao OPEN ulifanya hivyo Marekani mwaka 1999 hadi 2000 kwa watu wazima 484. Kwenye mahojiano ya saa 24, wanaume walipunguza nishati kwa asilimia 12 hadi 14, wanawake kwa asilimia 16 hadi 20. Kwenye dodoso la marudio ya vyakula, lile linalouliza "kwa kawaida unakula hiki mara ngapi", upungufu ulizidi asilimia 30 kwa wote.

Nisingependa mtu asome hapo akahitimisha kwamba watu ni waongo. Anayepika huonja na hakumbuki kwamba alionja. Mwingine hajawahi kupima mafuta anayomimina. Yuko pia anayeona haya mbele ya mgeni mwenye kalamu. Tatizo kubwa ni kwamba upungufu haulingani: wenye miili mizito hupunguza zaidi. Kwa hiyo huwezi kuongeza asilimia ileile kwa kila mtu ukadhani umesahihisha.

Dhana: "Siku moja haisemi kitu, kwa hiyo utafiti wa siku moja ni bure."

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na ndipo hata wasomi huteleza.

Siku moja kweli haisemi mengi kuhusu mtu mmoja. Jana huenda alikuwa mgonjwa, au alikuwa harusini. Anayekula maini mara moja kwa mwezi ataonekana amefurika vitamini A akihojiwa siku hiyo, na ataonekana mkavu kabisa siku nyingine yoyote. Lakini ukiwahoji maelfu, siku zote za wiki na misimu yote, aliyekula mno jana hufidiwa na aliyekula kidogo. Wastani wa kundi hutoka vizuri hata kwa siku moja kwa kila mtu.

Kinachoharibika ni mtawanyiko. Siku moja huwatawanya watu kuliko walivyo katika ulaji wao wa kawaida: wa juu huonekana juu zaidi, wa chini huonekana chini zaidi. Na swali letu la wangapi hawafikii liko kwenye ncha ya chini hasa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanawake wa nchi fulani wanapata miligramu 75 za vitamini C kwa siku kwa wastani, na kizingiti chetu ni miligramu 60. Tuseme ulaji wao wa kawaida umetawanyika kwa mchepuko sanifu, yaani kipimo cha watu walivyo mbali na wastani, wa miligramu 15. Kama mtawanyiko unafuata umbo la kengele, yaani wengi wako karibu na wastani na wachache kwenye ncha mbili, walio chini ya kizingiti ni kama asilimia 16. Sasa tumia takwimu za siku moja bila kuzirekebisha, ambapo mchepuko unaonekana kuwa 30. Walio chini wanakuwa asilimia 31. Wanawake ni walewale, sahani ni zilezile, na wastani haujasogea hata miligramu moja, ila tatizo limekaribia kuongezeka maradufu kwenye karatasi. Waziri anaweza kutenga fedha kwa wanawake ambao hawana upungufu huo.

Dawa yake si kumfuata kila mtu mwezi mzima. Inatosha kurudi kwa sehemu ya sampuli na kuwahoji siku ya pili isiyofuatana na ya kwanza. Tofauti kati ya siku mbili za mtu yuleyule huonyesha ni kiasi gani cha mtawanyiko ni yumbayumba za kila siku, na hesabu huzichuja. Utafiti wa kitaifa wa Marekani, NHANES, ulianza mwaka 2002 kukusanya mahojiano mawili: la kwanza ana kwa ana, la pili kwa simu siku 3 hadi 10 baadaye.

Dhana: "Wastani ukifikia kiwango kinachopendekezwa, taifa limeshiba."

Mfano ule ule unajibu. Miligramu 75 ndizo zinazopendekezwa Marekani kwa mwanamke mzima, na 60 ni makadirio ya mahitaji ya kati, yaani kiasi kinachotosha nusu ya wanawake. Wastani uligonga 75 barabara, na bado asilimia 16 walikuwa chini ya 60. Kwa kundi, kipimo sahihi ni hicho cha 60, kwa sababu kilichopendekezwa kimewekwa juu makusudi ili kimtosheleze karibu kila mtu. Ukihesabu wote walio chini ya 75 kuwa wana upungufu, unatia chumvi.

Njia hiyo ya mkato, ya kuhesabu walio chini ya mahitaji ya kati, nayo ina mpaka. Haifai kwa madini chuma ya wanawake walio kwenye umri wa hedhi, kwani mahitaji yao hayakutawanyika sawasawa: wachache wanaopoteza damu nyingi wanahitaji madini hayo kwa wingi sana. Kwao lazima ukokotoe uwezekano wa upungufu kwa kila kiwango cha ulaji.

Dhana: "Kaya ikiwa na chakula cha kutosha, kila aliyemo ametosheka."

Chungu kimoja, sahani tofauti. Tafiti za matumizi ya kaya hazioni kinachotokea baada ya kupakua, zinakadiria tu kwa umri na jinsia.

Dhana: "Vyote vinaweza kupatikana kwa kuuliza."

Kiasi cha chumvi hakipatikani hivyo. Hakuna anayejua ametia kiasi gani, ndiyo maana watafiti hukusanya mkojo wa saa 24, ambao hubeba karibu asilimia 90 ya sodiamu iliyoliwa. Utafiti wa INTERSALT, uliochapishwa mwaka 1988, ulifanya hivyo kwa watu zaidi ya 10,000 katika vituo 52 vya nchi 32.

Kwa madini joto hata mkojo wa mara moja unatosha, mradi unaulizia kundi. Shirika la Afya Duniani hutazama mediani ya watoto wa shule, yaani namba ya katikati wakipangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, na isiposhuka chini ya mikrogramu 100 kwa lita, kundi hilo linahesabiwa kuwa linapata vya kutosha. Mtoto mmoja mwenye 70 asubuhi hii anaweza kuwa na 160 kesho bila chochote kubadilika nyumbani kwao. Ripoti inayoandika kwamba asilimia fulani ya watoto walikuwa chini ya 100 na hivyo wana upungufu imempima mtu mmoja mmoja kwa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya taifa.