Chaneli za mji mwingine kwenye dishi huku Marekani: tunayoambizana na ukweli wenyewe

Wadau mlioko Marekani, hasa nyie mnaohama hama kufuata kazi na nyie madereva wa malori, naandika hii kwa sababu watu wetu wanaliwa hela bure na inaniuma. Kila mtu akihama anataka aendelee kuona chaneli za mji aliotoka, na kila mtu ana ushauri wake, na ushauri mwingi ni wa uongo japo anayeutoa anauamini kabisa.

Shemeji yangu alihama Columbus, Ohio akaenda kuanza kazi Minnesota. Dishi akabeba, risiva akabeba, akaunti akaiacha na anwani ya Columbus makusudi, maana watangazaji wa kule anawajua kwa sura, kanisa lake liko kule na watoto wake wakubwa wako kule. Akafunga dishi, CNN ipo, ESPN ipo, za sinema zipo, lakini zile za Columbus kioo cheusi na maandishi kwamba inatafuta signo. Fundi akamwambia dishi lako dogo, akamuuzia kubwa zaidi, akalipwa akaondoka. Holaa, hakuna kilichobadilika.

Sasa hiyo ndo dhana kubwa kuliko zote, kwamba dishi kubwa linaleta chaneli zote. Nilipofika kwake nikafungua ule ukurasa wa kupima signo kwenye risiva, namba zikaja zimepangana: 95, 93, 0, 0, 96, 0, 91. Akaniambia unaona, dishi limekaa vibaya. Nikamwambia hapana shemeji, lingekaa vibaya namba zote zingeshuka, hizi za tisini na kitu ni chaneli za nchi nzima na hizo sifuri ni mwale ambao haushuki hapa kwako kabisa.

Iko hivi. Chaneli za nchi nzima zinamwagwa kwa mwale mpana unaofunika Marekani karibu yote. Chaneli za mji zinatumwa kwa mwale mwembamba, wenyewe wanauita spoti bimu, unaoshuka Columbus na maeneo ya jirani basi. Kampuni za dishi zilianza kurusha satelaiti za namna hii mwaka 2001 na 2002, na sababu ni masafa: nchi imegawanywa kwenye masoko ya televisheni 210, yani maeneo, kila soko lina stesheni yake ya ABC, yake ya CBS, yake ya NBC, yake ya Fox na nyingine, ukizimwaga zote nchi nzima nafasi haitoshi hata kidogo, kwa hiyo masafa yale yale yaliyobeba chaneli za mji huu yanatumika tena kubeba chaneli za mji mwingine ulio mbali. Ndo maana dishi kubwa halisaidii, yani hata likikusanya kitu kwenye hayo masafa linaweza kukusanya mwale wa mji mwingine. Dishi kubwa lina kazi pale tu unapokaa pembezoni mwa mwale na mvua ikinyesha picha inakatika katika, hapo sawa, ila kuvuka majimbo hapana.

Nadhani wengi tunachanganywa na mazoea ya nyumbani. Kule ukibeba king'amuzi cha dishi kutoka Dar ukaenda nacho Kigoma, ukafunga vizuri, unaona zile zile, kwa sababu mwale mmoja unafunika nchi nzima na majirani. Huku hawakujenga hivyo.

Wengine wanasema: "Satelaiti haifiki, ni mbali." Satelaiti iko juu karibu kilomita 36,000, kutoka Columbus hadi Minnesota kwake si kitu. Haifiki kwa sababu imeelekezwa pengine.

Alafu kuna hii ya kampuni zina roho mbaya tu, wangetaka wangefungua. Hapa lazima nielezee kidogo sheria maana bila hiyo huwezi kuelewa kitu. Sheria ya mwaka 1988 iliruhusu kampuni za dishi kuwapa chaneli za mitandao mikubwa ya televisheni (hizo ABC, CBS, NBC, Fox) kutoka mji wa mbali wale tu ambao antena ya kawaida haishiki vizuri chaneli ya mtandao huo, watu wa mabondeni na mashambani huko. Hadi mwaka 1999 ndo sheria nyingine ikaruhusu dishi kubeba chaneli za mji wako mwenyewe na kukuuzia hapo hapo mjini kwako. Kwa hiyo mpaka umewekwa na sheria za hakimiliki, na stesheni za miji zinaulinda sana kwa sababu zinaishi kwa matangazo ya biashara ya watu wa mji wao.

Kuna mzee atakwambia mimi nikiwa Texas nilikuwa naangalia New York na Los Angeles bila shida. Hadanganyi. Zamani kampuni ziliwapa watu wengi ambao hawakustahili, kesi ikaenda mahakamani, na Desemba 2006 kampuni ya dishi ya Dish Network ililazimishwa kuzima hizo chaneli za mbali kwa wateja mamia ya elfu. Iliruhusiwa tena baada ya sheria ya 2010, na sharti lilikuwa ihudumie masoko yote 210. Kwa hiyo aliyoyaona mzee yalikuwepo kweli, lakini usimtapeli mtu sa hivi kwamba yapo kwa yeyote mwenye hela.

Wengine wanashauri: "Basi toa anwani ya ndugu yako." Ni kama alivyofanya shemeji kuacha ile ya Columbus. Ukiwa bado ndani ya mwale itakubali, chaneli zitaonekana, lakini umevunja mkataba na wakijua wanaweza kukukatia huduma. Kinachonitisha zaidi ni hali ya hewa. Umekaa mbali na Columbus lakini bado ndani ya mwale wake, unaangalia habari za kule, kimbunga cha tornado kinakuja kwenye kaunti yako usiku, yule mtangazaji wa Columbus atakwambia nini? Anakuonyesha jua la kesho Columbus! Kama una watoto ndani usifanye hivi, nakuomba kabisa, au angalau simu yako isizimwe tahadhari.

Na wengine wanadhani soko ni jimbo. Soko linaenda kwa kaunti, na kaunti inaweza kupangwa na mji wa jimbo jingine. New Jersey yote imegawanywa kati ya New York na Philadelphia. Kaunti ya La Plata, Colorado imewekwa kwenye soko la Albuquerque, New Mexico, watu wakawa wanapata habari za gavana asiye wao, na sheria ya 2014 ndo iliyofungua njia kaunti kama hizo kuomba FCC, yani mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, irekebishe, nao La Plata waliomba chaneli za Denver. Kwa hiyo kabla hujapigia kampuni simu na hasira, angalia kaunti yako iko soko gani.

Madereva, hapa ni kwenu. Lori la biashara na zile RV za kusafiria (magari yenye nyumba ndani) zimetengewa nafasi kwenye sheria, na tangu mabadiliko ya mwishoni mwa 2019 nafasi hiyo haina tena tarehe ya kuisha, mradi kampuni inahudumia masoko yote. Unajaza tamko, unatoa nakala za karatasi za gari, unapewa chaneli za mitandao mikubwa kutoka mji wa mbali, na dishi linatakiwa liwe la gari. Ukilishusha ukafunga kwenye nyumba umetoka nje ya ruhusa. Njia nyingine ni kubadilisha anwani ya huduma kila unapotulia mahali siku kadhaa, unapata za hapo ulipo.

Apu za intaneti nazo zisikudanganye sana. Aereo na Locast zilikuwa zinapitisha chaneli za mji kwenye intaneti: Aereo ilishindwa Mahakama ya Juu ya Marekani 2014, Locast ikafungwa Septemba 2021, na zile za kulipia zinasoma uko wapi alafu zinakupa za hapo.

Shemeji tulimalizana naye hivi: lile dishi kubwa tulilishusha, anwani tukabadilisha ikawa ya Minnesota, dirishani tukaweka antena ndogo, hizo za hewani hazina bili. Taarifa ya habari ya Columbus anaifungua kwenye apu ya stesheni yenyewe, stesheni nyingi zinaonyesha habari zao bure na hazikuulizi unaishi wapi. Jioni ya kwanza alipomuona yule mama wa hali ya hewa aliyemzoea alimsalimia kwa sauti, mke wake akatoka jikoni kuangalia nani kaja.