Akupancha ni nini, na inamsaidiaje mwenye maumivu ya mgongo au goti?

Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba sehemu maalumu za mwili, ziitwazo pointi, bila kuingiza dawa yoyote. Sindano zake hazina tundu. Ni chuma kisichoshika kutu, unene wa kama milimita 0.25, ilhali sindano ya kawaida ya kuchomea dawa kwenye msuli ina milimita 0.6 hadi 0.8. Ndiyo maana mtu aliyejiandaa kukunja uso mara nyingi hajui hata kama ameshachomwa. Visiwani Zanzibar, ambako timu za madaktari wa China zimekuwa zikija tangu 1964, tiba hii si kitu kigeni.

Maelezo ya kale husema kuna nguvu ya uhai, qi, inayopita katika njia zake mwilini, na maumivu huja pale inapokwama. Hakuna mpasuaji aliyewahi kuziona njia hizo. Kinachofahamika ni kwamba sindano ikigusa msuli huamsha neva, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili hutoa endofini, kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Sindano haiunganishi mfupa, haikuzi gegedu iliyolika (ule mto laini wa kwenye maungio) na haisukumi diski ya uti wa mgongo irudi mahali pake. Inapunguza maumivu kwa muda, na faida kubwa ni kuutumia muda huo kufanya mazoezi ambayo maumivu yalikuwa yanayazuia. Anayechomwa kisha akarudi kulala kutwa anapata nusu ya tiba.

Tuchukue mgongo wa chini unaouma kwa zaidi ya miezi mitatu. Mgonjwa awe amekula, maana tumbo tupu ni chanzo kikubwa cha kuzimia. Hulazwa kifudifudi, mto chini ya tumbo, ngozi ikafutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Mtaalamu huchagua pointi pande mbili za uti wa mgongo usawa wa kiuno, pointi ya Weizhong iliyo katikati ya mkunjo wa nyuma ya goti, na zile sehemu ambazo mgonjwa akibonyezwa anasema "hapo hapo". Jumla huwa sindano 8 hadi 15. Kila moja huingizwa kwa mguso wa haraka, kisha husokotwa taratibu hadi mgonjwa ahisi uzito, ganzi au kitu kinachovuta. Hisia hiyo ndiyo inayotafutwa. Maumivu makali kama shoti ya umeme ni jambo lingine: neva imeguswa, na sindano inatakiwa irudishwe nyuma mara moja.

Sindano hukaa dakika 20 hadi 30. Wengine huziunganisha na mashine ndogo ya umeme, ambayo haimfai mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo. Kwa goti, pointi maarufu ni Zusanli: shuka upana wa vidole vinne chini ya pia ya goti, kisha nenda nje kidogo, upana wa kidole kimoja kutoka ukingo wa mfupa wa muundi.

Je, lazima pointi iwe hiyohiyo? Hapa wataalamu wengi hawapendi kuulizwa. Mwaka 2007 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Ujerumani kuhusu maumivu ya mgongo. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6, waliochomwa juu juu sehemu zisizo pointi, 44.2, na waliotibiwa kwa dawa, fiziotherapia na mazoezi, 27.4. Kwa hiyo sindano zilisaidia, lakini mahali pa kuchoma hapakuleta tofauti kubwa. Anayekuambia kuna pointi ya siri anayoijua yeye peke yake anakuuzia maneno.

Kawaida ni kwenda mara moja au mbili kwa wiki. Ukimaliza mara sita bila kuona tofauti katika kuinama, kupanda ngazi au kulala usiku, acha. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, iliyoanza kulipia akupancha ya maumivu sugu ya mgongo mwaka 2020, inaruhusu mara 12 ndani ya siku 90, na nyingine 8 kwa aliyepata nafuu tu.

Madhara mengi ni madogo: tone la damu, alama ya uvilio, kizunguzungu. Mgonjwa akianza kutoka jasho jembamba, sindano zote zitolewe na miguu iinuliwe. Sindano ikinasa, msuli umekaza. Haivutwi kwa nguvu, husubiriwa huku msuli wa pembeni ukipapaswa. Hatari kubwa iko mabegani na kifuani. Msuli pale ni mwembamba na chini yake kuna mapafu, na sindano iliyozama mno inaweza kutoboa pafu. Kubanwa pumzi au kuchomwa na maumivu kifuani saa chache baadaye ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako na sindano zitupwe baada ya kutumika, kwani za kurudia zimewahi kueneza homa ya ini aina ya B. Mjamzito na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande waseme kabla ya kulala kitandani. Na mgongo unaoambatana na ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kujitokea, miguu kulegea, homa, au kukonda bila sababu si wa sindano. Huo unahitaji daktari siku hiyohiyo.