Mbu, usubi na mbung'o: maswali ya wanakijiji

Maswali haya huulizwa mara kwa mara kwenye mikutano ya afya huku mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia hadi Mbale.

Mbu si wote ni wale wale?

Hapana. Mtazame anavyotua ukutani. Anofelesi, anayeeneza malaria, huinua sehemu ya nyuma juu, mwili wote ukakaa mshazari. Mbu wa mtaroni, kuleksi, hulala sambamba na ukuta. Mweusi mwenye madoa meupe miguuni ni edesi. Huyo huuma mchana, na jamii yake hueneza homa ya manjano. Ni katika mbu wa jamii hiyo, waliokamatwa msitu wa Zika karibu na Entebbe mwaka 1948, ndimo watafiti walimopata virusi vyenye jina la msitu huo. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamevipata kwa tumbili.

Viluwiluwi navyo hutambulika. Chota maji kwa bakuli jeupe: vya anofelesi hulala bapa juu ya maji, vya wengine huning'inia vichwa chini.

Nimefyeka nyasi na kumwaga dawa chooni. Mbona watoto bado wanaugua malaria?

Mama, mbu uliyemfukuza chooni siye anayeleta malaria. Anofelesi hupenda maji yaliyotulia, safi kiasi, yanayopigwa na jua: shimo la kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe, majaruba ya mpunga kama yale ya Doho. Tangu yai hadi mbu wa kuruka ni wiki moja au mbili tu, kwa hiyo fukia mashimo, na mvua ikinyesha yakague tena.

Jaruba halifukiwi. Hapo kinga yako ni chandarua chenye dawa, kila usiku. Huniuma sana kukuta chandarua kipya kimetandazwa ufukweni kuanikia mukene, yaani dagaa. Najua mukene ndio ada ya shule. Lakini mtoto aliyelala bila neti ndiye anayelipa. Chandarua kifue kwa sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, maana jua kali huharibu dawa.

Kaa wa mtoni anahusianaje na upofu?

Swali hili nalipenda sana, kwa kuwa jibu lake liko chini ya mawe. Usubi ni inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, mwenye kueneza minyoo inayowasha ngozi na hatimaye kupofusha macho. Hazaliani kwenye dimbwi. Anataka maji yaendayo kasi. Na aina iliyokuwa kwenye mito ya Mlima Elgon hulea mabuu yake yakiwa yameng'ang'ania mwili wa kaa! Ndiyo maana wahudumu walikamata kaa, wakawachunguza mmoja mmoja, kisha wakatia dawa kwenye vijito ili kuua mabuu, huku watu wakigawiwa vidonge vya ivamektini, dawa ya minyoo hiyo. Ukigawiwa, meza, hata kama huwashwi.

Na mbung'o?

Mbung'o ni mkubwa kuliko inzi wa nyumbani. Akitulia hulaza mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake huchomoza mbele. Huuma mchana, hueneza malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 katika Busoga na Buganda.

Udhaifu wake ni uzazi. Hatagi mayai, huzaa buu moja tu kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Kwa hiyo kila jike anayenaswa ni pengo kubwa. Rangi ya buluu humvuta, na ndiyo sababu mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa hutundikwa kando ya mito. Usiving'oe ukashonea mto wa kulalia. Huku mashariki vimelea hujificha pia katika ng'ombe, basi mzee mwenye zizi apulizie dawa miguu na tumbo la mifugo, ambako mbung'o hupenda kuuma.

Malale huanza kwa homa na kuumwa kichwa, kama malaria. Ukipimwa malaria ukaambiwa huna, na homa haishi, mweleze mhudumu wa afya kwamba unachunga au unavua penye mbung'o, ili damu yako iangaliwe kwa hadubini.