Simbiosisi: anemoni, samaki wake na mwani ndani ya tangi dogo

Simbiosisi ni hali ya viumbe wa aina tofauti kuishi pamoja kwa ukaribu na kwa muda mrefu, kiasi kwamba maisha ya mmoja yanamgusa mwenzake moja kwa moja. Si lazima wote wafaidike. Kupe aliyemng'ang'ania ng'ombe naye yumo katika simbiosisi, ila faida ni yake peke yake. Kila upande ukipata kitu, hiyo ni simbiosisi ya kufaidiana, na mfano unaopendwa zaidi ni wa anemoni wa bahari na samaki mdogo anayeishi katikati ya minyiri yake.

Samaki hawa ni wa jenasi ya Amphiprion. Wapo wa aina zinazokaribia 30, wote wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Atlantiki hakuna hata mmoja. Kwenye miamba ya Kenya na Tanzania wapo Amphiprion allardi, mwenye mwili wa kahawia iliyokolea na pau mbili nyeupe, na Amphiprion akallopisos, wa rangi ya chungwa hafifu, mwenye mstari mweupe unaopita mgongoni kutoka mdomoni hadi mkiani.

Anemoni anafanana na ua lakini ni mnyama, ndugu wa matumbawe na konyeza. Minyiri yake imejaa vijishale vya sumu ambavyo hufyatuka vikiguswa, na samaki wa kawaida akiingia humo hatoki. Huyu wetu analindwa na ute wa ngozi yake usioviamsha. Mtazame anapomkuta anemoni mgeni: haingii kwa pupa. Husogea, hugusa mnyiri mmoja kwa pezi, hurudi nyuma, hugusa tena kwa tumbo, na anaweza kufanya hivyo kwa saa nyingi kabla ya kuzama ndani kabisa na kujilaza.

Huko baharini kila mmoja ana sababu zake. Samaki ni muogeleaji dhaifu, na bila anemoni huliwa upesi. Anemoni naye hulindwa dhidi ya vitatange wanaodonoa minyiri yake, na usiku samaki anapopepea mapezi humletea maji mapya yenye oksijeni. Faida kubwa zaidi imejificha: samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na amonia hiyo ni mbolea. Mbolea ya nani?

Hapo ndipo anapoingia mshirika wa tatu, ambaye watu wengi wanaonunua tangi la kioo la kufugia samaki hawajawahi kumsikia. Ndani ya nyama ya anemoni mnaishi mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho. Mwani huu hutumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Rangi ya kahawia tunayoiona kwa anemoni mwenye afya inatokana zaidi na mwani huo. Ukipotea, anemoni hupauka na kuanza kufa njaa polepole. Ndilo lililoyapata matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, kwa kuwa nayo huishi kwa mkataba wa namna hiyohiyo.

Sasa tuhamie kwenye tangi, kwa sababu huko mkataba unabadilika. Hakuna chewa wala papa ndani ya kioo. Samaki hana adui, kwa hiyo hamhitaji tena anemoni. Ataishi, atakua na hata kutaga mayai juu ya kigae cha udongo. Lakini anemoni bado anauhitaji mwani, na mwani bado unahitaji mwanga. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa madukani wa kumnunua anemoni "ili samaki apate nyumba". Anemoni ndiye mgumu kumtunza kati ya hao wawili, na anastahili kununuliwa kwa ajili yake mwenyewe, na mtu aliyekwisha kununua taa ya kutosha. Taa ya kuonyesha samaki tu haitoshi. Inatakiwa taa kali ya kukuzia matumbawe.

Jambo la pili ni umri wa tangi. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia, ambayo ikijikusanya ni sumu, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali. Samaki mmoja mdogo anaweza kuwekwa baada ya bakteria hao kujijenga na vipimo vya amonia na nitriti kusoma sifuri, kwa kawaida ndani ya wiki kadhaa. Anemoni asubiri zaidi. Wafugaji wazoefu husema angalau miezi sita, nami naona wana haki, kwa sababu havumilii maji yanayoyumba.

Na maji ya tangi dogo huyumba kweli. Maji yakivukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 60 lenye gramu 35 za chumvi kwa lita, likipoteza lita 3 tu, hufika karibu gramu 37. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, feni ikipuliza juu ya maji, lita hizo hazichukui muda kuondoka. Utaona ukoko mweupe ukijijenga kwenye ukingo wa kioo. Dawa ni kujazia kila siku maji yaliyochujwa, yasiyo na chumvi kabisa. Wanaojazia maji ya chumvi wanaongeza tatizo. Joto nalo libaki kati ya nyuzi 24 na 27.

Anemoni hutembea. Asiporidhika na mwanga au mkondo wa maji, huachia mguu wake na kuteleza juu ya jiwe, wakati mwingine hadi kwenye pampu, akasagwa. Funika midomo ya pampu kwa sifongo kabla hajaingia, kwani anemoni aliyekufa huoza haraka na katika maji machache anaweza kuua kila kitu kwa usiku mmoja. Usitie dawa yenye shaba ndani ya tangi lake hata samaki wakiugua. Watibu kwenye chombo kingine.

Kwa tangi la nyumbani, Entacmaea quadricolor, anemoni ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama puto, ndiye mvumilivu kuliko wenzake, ingawa naye hukua akahitaji nafasi. Amphiprion ocellaris, samaki wa chungwa anayeuzwa sana madukani, kwa kawaida hakai naye baharini, lakini kwenye tangi mara nyingi humkubali. Akimkataa, mwache, hakuna kilichoharibika. Entacmaea hujigawa mwenyewe kuwa wawili akishiba na kutulia, kwa hiyo tafuta kwanza aliyegawanyika katika tangi la mfugaji mwingine. Amekwisha kuzoea taa na maji ya kioo, na hakuna mwamba ulionyang'anywa mkaazi wake.