Maswali na Majibu: Kuchagua Spika za Masikioni kwa Ajili ya Kukimbia na Mazoezi

Watu wengi wanaokimbia alfajiri katika miji yetu hutoka nyumbani wakiwa na spika za masikioni, na malalamiko yao kuhusu vifaa hivyo karibu yote ni mawili: zinauma, au zinadondoka. Malalamiko hayo yanastahili kuchukuliwa kwa uzito kuliko yanavyochukuliwa, kwa sababu spika isiyokaa vizuri sikioni humfanya mwenye nayo apandishe sauti bila kujua, na hapo ndipo usikivu wake unapoanza kuathirika. Majibu yafuatayo yanazingatia uhusiano huo kati ya starehe ya sikio na usalama wake.

Kwa nini spika zangu zinaniuma nikikimbia, ilhali nikiwa nimekaa hazinisumbui?

Mfereji wa sikio una sehemu mbili. Sehemu ya nje, ambayo ni takriban theluthi moja ya urefu wake, imejengwa kwa gegedu na ina ngozi nene kidogo yenye vinyweleo na tezi zinazotoa nta. Sehemu ya ndani imezungukwa na mfupa, na ngozi yake ni nyembamba mno, imelala moja kwa moja juu ya mfupa huo, kiasi kwamba mguso mdogo tu huleta maumivu. Unapokimbia, kila kishindo cha mguu huisukuma spika kidogo, taya nayo inayocheza unapohema kwa mdomo hubadilisha umbo la mfereji, na jasho huilainisha ngozi hadi ichubuke kwa urahisi. Kifaa ambacho kilikuwa kimetulia ulipokuwa umeketi sasa kinasugua mahali palepale maelfu ya mara.

Wapo pia wanaopatwa na kikohozi kikavu kila wanapovaa spika zinazoingia ndani. Hilo si mafua. Tawi dogo la mshipa wa fahamu unaohusika pia na koo hupita kwenye ngozi ya mfereji wa sikio, na kwa baadhi ya watu likiguswa huamsha kikohozi. Mtu wa namna hiyo asijilazimishe kuzizoea. Achague spika zinazokaa nje ya mfereji.

Nitajuaje ukubwa wa vipira unaonifaa?

Boksi la spika zinazoingia sikioni kwa kawaida huja na vipira vya silikoni vya ukubwa wa aina tatu, na wanunuzi wengi hutumia vile vya kati vilivyokwisha kuvalishwa bila kuvigusa vingine. Anza kwa kuvijaribu vyote, tena kila sikio peke yake, kwa kuwa si ajabu sikio la kulia kuhitaji kipira kikubwa na la kushoto kipira cha kati.

Namna ya kuvaa nayo ina umuhimu wake. Pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio taratibu kuelekea juu na nyuma ili mfereji unyooke, ingiza spika huku ukiizungusha kidogo, kisha achia sikio lirudi mahali pake. Ikishakaa, sema maneno machache: iwapo sauti yako mwenyewe inasikika nzito na yenye mwangwi kichwani, mfereji umezibwa vizuri. Kisha tikisa kichwa, ruka mara kadhaa, fungua na ufunge mdomo kana kwamba unatafuna. Kipira kidogo kupita kiasi kitalegea mara taya inapocheza, na besi ya muziki itapotea. Kikubwa kupita kiasi kitakaa imara, lakini utahisi sikio limejaa na kugandamizwa hata kabla hujaanza kukimbia.

Upotevu huo wa besi ndio ninaotaka msomaji auangalie kwa makini. Kipira kikilegea, sauti nzito huvuja nje na muziki husikika mwembamba, na mtu badala ya kubadilisha kipira huongeza sauti. Atadhani amenunua spika dhaifu, kumbe kilichohitajika ni kipira kingine kutoka kwenye boksi lilelile. Wale ambao silikoni huwateleza kwa jasho wanaweza kutumia vipira vya sponji laini, vinavyominywa kwa vidole kabla ya kuingizwa na kisha kutanuka vyenyewe kulingana na umbo la mfereji. Kasoro yake ni kwamba hunyonya jasho na hulazimu kubadilishwa mara kwa mara.

Kwa spika za waya, pitisha waya ndani ya fulana na uubane kwa kibanio karibu na shingo, kwa kuwa waya unaoning'inia huvuta spika kila hatua na kupeleka kelele za msuguano sikioni. Zile zenye kikulabu kinachopita juu na nyuma ya sikio zinawafaa zaidi wenye masikio madogo, ambao spika nyingine hazikai kabisa.

Ni kiwango gani cha sauti kilicho salama?

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Duniani linatumia kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka salama kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizo hizo kwa watoto. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba desibeli hazipandi kama kilo au mita. Kila zinapoongezeka 3, nishati inayofika sikioni huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20 kwa wiki, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5. Katika desibeli 100, kiwango ambacho simu nyingi zinakifikia zikifunguliwa hadi mwisho, muda salama wa wiki nzima ni dakika 20 na ushei.

Chukua mtu anayekimbia saa moja kila siku, siku tano kwa wiki, akisikiliza kwa desibeli 90. Muda wake salama kwa kiwango hicho ni takriban saa 4, kwa hiyo ameuvuka kwa mazoezi peke yake, kabla ya kuhesabu muziki anaousikiliza kwenye daladala, kazini, au kitandani usiku.

Madhara hutokea ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani iliyojizungusha kama kombe la konokono. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo sana, ambazo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa ishara za neva zinazokwenda kwenye ubongo. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena. Kupotea kwake hakuumi, na kwa kawaida sauti kali na nyembamba ndizo zinazotoweka kwanza, ndiyo maana mtu hulalamika kwamba watu hawatamki vizuri maneno kabla hajatambua kwamba ni yeye asiyesikia.

Kanuni rahisi ni kutozidisha asilimia 60 ya sauti ya juu kabisa ya simu. Simu za iPhone, na baadhi ya simu za Android, huweza kuonyesha au kuwekea kikomo kiwango unachosikiliza, na inafaa kukiweka kikomo hicho mapema, ukiwa nyumbani, kwa sababu katikati ya mazoezi mtu huvutika kupandisha sauti kila uchovu unapozidi.

Ninakimbia pembeni mwa barabara. Ninunue aina gani?

Hapa msimamo wangu ni thabiti: barabarani usivae spika zinazoziba masikio yote mawili, na zaidi ya hapo usiwashe mfumo wa kuzuia kelele za nje. Pikipiki ya bodaboda hupita kwenye ukingo wa barabara, mara nyingine hata juu ya njia ya waenda kwa miguu, na taarifa pekee unayopata kabla haijakufikia ni mlio wake.

Wengi hudhani suluhisho ni kuvaa spika moja tu. Ni afadhali kuliko kuvaa mbili, lakini haitoshi. Ubongo hutambua sauti inatoka upande gani kwa kulinganisha jinsi inavyofika katika masikio mawili, lipi limetangulia kuisikia na lipi limeisikia kwa nguvu zaidi, hivyo ukiziba sikio moja utasikia kwamba gari linakuja bila kujua kwa uhakika linatokea wapi. Isitoshe, sikio moja likibaki kupambana na kelele za barabara, mkono hukimbilia kuongeza sauti. Kama huna njia nyingine ila hiyo, kimbia ukielekeana na magari. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, maana yake ni kukimbia upande wa kulia, na magari yatokayo nyuma yako yatapita kushoto kwako. Sikio la kushoto ndilo libaki wazi. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume chake.

Zilizo bora kwa barabarani ni aina mbili. Kuna spika za wazi, ambazo huning'inia mbele ya tundu la sikio bila kuingia ndani, na kuna zile za mtetemo wa mfupa, ambazo hukaa juu ya mfupa wa shavu mbele ya sikio na kupeleka mtetemo hadi kwenye koklea bila kupitia kwenye ngoma ya sikio. Zote mbili huacha mfereji wazi, haziongezi joto wala unyevu ndani yake, na wanaoumwa na vipira huzipenda upesi. Besi yake ni hafifu, na hilo mnunuzi alikubali tangu dukani.

Lakini isidhaniwe kwamba spika za mtetemo wa mfupa haziwezi kudhuru usikivu. Zinairuka ngoma ya sikio tu. Mwisho wa safari ni koklea ileile. Mtu anayezipandisha sauti ili zishinde kelele za magari anaziumiza seli zilezile.

Spika zinazoziba zina mahali pake: ukumbi wa mazoezi, mashine ya kukimbilia, uwanja wenye uzio, au barabara iliyofungwa kwa ajili ya mazoezi, kama inavyofanyika Kigali katika siku zisizo na magari zilizoanza mwaka 2016. Humo uzibaji unageuka kuwa faida, kwa kuwa muziki wa ukumbini hausikiki sana nawe unaweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Anayejiandaa kwa mashindano asome kwanza kanuni za waandaaji, kwa sababu wanariadha wa kulipwa hawaruhusiwi vifaa vya muziki wanapochuana, na baadhi ya mbio za barabarani huwakataza washiriki wote.

Alama za IPX4 au IPX7 zina maana gani?

Ni viwango vya kustahimili maji. IPX4 huvumilia matone na michirizi kutoka pande zote, na kwa jasho la kawaida inatosha. IPX7 huvumilia kuzamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi, ilhali jasho lina chumvi, na chumvi ndiyo inayokula vile vidoa vya chuma vya kuchajia. Kabla ya kuzirudisha spika kwenye kasha lake, zifute kwa kitambaa kikavu, kwani kasha lenyewe mara nyingi halina kinga yoyote ya maji.

Je, spika za masikioni zinaweza kuleta fangasi au maambukizi?

Zinaweza kuchangia. Sikio hujisafisha lenyewe kwa kusukuma nta nje polepole, na spika inayokaa humo kwa saa nyingi huirudisha ndani nta hiyo na kufungia joto na jasho, mazingira ambayo bakteria na fangasi huyapenda, hasa katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi. Ukimaliza mazoezi, zivue na uyaache masikio yapate hewa. Vipira vya silikoni vitolewe, vioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, vikauke kabisa ndipo virudishwe. Usiazime wala kuazimisha spika za kuingiza sikioni, hata kwa mwenzako wa kikundi cha jogging. Vijiti vya pamba visitumike kuchokonoa nta. Huisukuma ndani zaidi na kukwaruza ngozi.

Mtu ambaye sikio lake hutoa usaha, au ngoma yake imetoboka, asiingize chochote mfereji­ni mpaka atibiwe. Akitaka muziki, spika za mtetemo wa mfupa zitamfaa. Mwenye kisukari awe mwangalifu kuliko wengine wote, kwa kuwa kwake maambukizi ya mfereji wa sikio yanaweza kuenea hadi kwenye mfupa.

Je, spika zisizo na waya husababisha saratani?

Hakuna ushahidi uliothibitisha hivyo. Mawimbi ya Bluetooth ni ya redio, hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi, na nguvu yake katika spika ni ndogo kuliko ya simu iliyoshikwa sikioni. Anayechagua kati ya waya na kutokuwa na waya aangalie ni zipi zinazotulia sikioni mwake.

Ni dalili zipi zinazohitaji daktari?

Masikio yakilia au yakihisi yamezibwa baada ya mazoezi, huo ni ujumbe kwamba sauti ilizidi. Zipumzishe spika, na hali hiyo ikiendelea zaidi ya siku mbili uende kupimwa usikivu. Maumivu yanayoongezeka ukivuta sikio, muwasho usiokoma, majimaji, usaha au damu vinahitaji kuchunguzwa, wala si kuwekewa mafuta ya moto au dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Usikivu wa sikio moja ukipotea ghafla, ndani ya saa chache au siku moja mbili, hiyo ni dharura hata kama hakuna maumivu yoyote: nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu matibabu yake hufanya kazi vizuri zaidi yakianza mapema, na kila wiki inayopita hupunguza uwezekano wa usikivu huo kurudi.