Kujifunza Kiojibwe kwa Mazungumzo: Zingatia Haya Kabla ya Kuwasha Kinasa Sauti

Tangu uanze Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili (2022–2032), kitengo chetu kimepokea wanafunzi wengi wa Kiojibwe (lugha ya Waojibwe, watu wa asili wa Marekani na Kanada), wakiwemo Waswahili wanaoishi Minnesota, Marekani, na Manitoba, Kanada. Karibuni sana. Ila yameongezeka pia malalamiko ya wazee wanaozikuta sauti zao mtandaoni bila kuulizwa.

Wengi huja wamekariri rangi, wanyama na hesabu, kisha mzee akiwasalimu wanabaki kimya. Anza na jikoni. Mgeni akibisha hodi, sema biindigen, aingie, namadabin, aketi, halafu giwii-minikwen ina makade-mashkikiwaaboo?, atakunywa kahawa? Atajibu eya' akikubali, gaawiin akikataa. Usipoelewa, sema gaawiin ninisidotanziin, usikimbilie Kiingereza.

Mzigo wa Kiojibwe uko kwenye kitenzi, na aliyezoea "nakuona" na "unaniona" hana sababu ya kuogopa giwaabamin na giwaabam. Ngeli ni mbili tu, ya vyenye uhai na ya visivyo na uhai: ukimwona mtu ni niwaabamaa, ukiona mtumbwi ni niwaabandaan. Jiwe, asin, limo kwenye ngeli ya vyenye uhai. Tafadhali msibishane na walimu juu ya hilo. Tumeshajibu vya kutosha. Wala msiwasahihishe wazee kwa sababu programu ya simu imesema vingine. Lahaja hutofautiana, na kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, yenye sauti za wazungumzaji wenyewe, inapatikana bure.

Sasa kurekodi. Wazee wengi, au wazazi wao, waliadhibiwa katika shule za bweni za Marekani na Kanada kwa kuongea lugha hii, kwa hiyo tahadhari yao ina sababu. Kwa desturi, mwenye ombi hutanguliza tumbaku, asemaa. Mzee akiipokea amekubali kukusikiliza na kukusaidia, hajasaini fomu ya ridhaa. Fomu yetu hujazwa nakala mbili kabla ya kurekodi, moja ikabaki kwa mzee, ikitaja rekodi itahifadhiwa wapi, nani ataisikiliza na hadi lini. Mzee anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote bila kutoa sababu, na mwanafunzi atafuta rekodi ndani ya siku saba, zikiwemo nakala alizowatumia rafiki zake kwa WhatsApp. (Ndiyo, hata kundi la familia.) Kosa la kwanza ni kusimamishwa msimu mzima, la pili ni kuondolewa darasani na jamii husika kuarifiwa.

Hadithi takatifu, aadizookaanag, kwa desturi husimuliwa majira ya baridi. Usiziombe Julai, ambapo huku ni kiangazi, hata kama fomu imesainiwa.

Wenye rekodi za zamani zisizo na fomu wazilete kabla ya kuzitumia tena. Anayeleta mwenyewe hataadhibiwa, lakini rekodi itabaki kwetu hadi mzee au familia yake itakapotoa uamuzi.