Je, wajua kwa nini tangi la maji ya bahari huongezewa maji yasiyo na chumvi?

Kila anayefuga matumbawe kwenye tangi huliona jambo hili ndani ya siku chache: maji hupungua. Leo yamefika kwenye alama, kesho kutwa yameshuka upana wa kidole. Sasa unaongeza maji gani?

Nilipoanza, jibu lilionekana wazi kiasi kwamba sikulifikiria. Tangi ni la maji ya chumvi, basi lijazwe maji ya chumvi. Nilikoroga chumvi kwenye ndoo kwa uangalifu, nikapima ndoo, nikamimina. Ndoo ilikuwa sahihi kila mara. Tangi sikulipima, kwa sababu sikuona namna ambavyo maji sahihi yakiongezwa kwenye maji sahihi yangezaa kosa. Wiki chache baadaye kamba aliacha kutoka mwambani, na matumbawe laini yakashinda yamejikunja mchana kutwa. Nilipima amonia, nikapima naitreti. Zote zilikuwa salama.

Kosa lilikuwa kwenye neno "maji". Kinachotoka tangini kwa mvuke si maji ya bahari, ni maji matupu. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki. Ndivyo mashamba ya chumvi yanavyofanya kazi: jua huchukua maji, mkulima huchukua kilichoachwa.

Chukua kila lita ya tangi kuwa chumba, na kila gramu ya chumvi kuwa mtu. Maji ya bahari ya kawaida yana karibu gramu 35 kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 100 ni nyumba ya vyumba 100, kila kimoja na watu 35. Jumla watu 3,500. Mvuke ukila lita 10, vyumba 10 vimebomolewa, lakini hakuna mtu aliyeondoka. Wote wamehamia vyumba 90 vilivyobaki na kubanana, karibu 39 kila chumba.

Ukileta vyumba 10 vitupu, yaani maji yasiyo na chumvi, watu hutawanyika na kila chumba hurudi kwenye 35. Mimi nilikuwa naleta vyumba 10 vyenye wakazi wake 350. Nyumba ilionekana imejaa sawasawa, lakini ndani yake sasa kulikuwa na watu 3,850, yaani 38.5 kwa chumba. Mara ya pili ikawa 42. Mara ya tatu, 45.5. Tangi la ukubwa huo likipoteza lita 2 kwa siku, hesabu hiyo yote hukamilika katika siku 15, huku maji yakiwa maangavu na yamefika kwenye alama.

Ajabu ni kwamba samaki walikuwa wakiogelea kama kawaida. Samaki wengi wa baharini wana chumvi mwilini karibu theluthi moja tu ya ile ya maji yanayowazunguka. Maisha yao yote hunywa maji ya bahari na kuisukuma chumvi ya ziada nje kupitia matamvua. Bahari ikiwa kali zaidi, wanaongeza bidii, kwa muda. Kiti cha pweza hana mashine hiyo. Umajimaji wa mwili wake hufuata chumvi ya nje karibu sawa kwa sawa, na matumbawe yako upande wake. Ndiyo maana kumtazama samaki ili ujue hali ya tangi ni kumuuliza yule atakayelalamika mwisho.

Haimaanishi kwamba 40 ni sumu yenyewe. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu maji hufika karibu kiwango hicho, na matumbawe yanastawi. Lakini hayo yamezoea huko vizazi na vizazi, hayakufikishwa hapo kwa wiki moja.

Hesabu ile ile ya vyumba inaeleza kwa nini maji ya bomba si chaguo zuri la kujazia. Kila kitu kisichopanda na mvuke hubaki: fosfeti inayolisha mwani, na shaba kutoka kwenye mabomba, ambayo hata kwa kiasi kidogo huwaua kamba na konokono. Lita moja ya bomba haina neno kubwa. Mamia ya lita za mwaka mzima huacha mzigo wote tangini. Yafaa maji yaliyopita kwenye chujio la osmosisi kinyume, linaloondoa karibu kila kilichoyeyuka ndani ya maji.

Kuna nyakati ambapo ndoo ya maji ya chumvi ndiyo sahihi: ukiyatoa maji yenyewe, kama wakati wa kubadilisha sehemu ya maji, au mashine ya povu inapokusanya uchafu pamoja na maji mengi. Hapo watu wameondoka na vyumba vyao. Hata ule ukoko mweupe unaoota kwenye kifuniko ni chumvi iliyotoroka, na baada ya miezi unaweza kukuta tangi limepungukiwa. Kwa hiyo pima tangi lenyewe. Kama unatumia haidromita ya mkono, yaani kipimo cha chumvi chenye mkono mdogo unaoinuka majini, isuuze: chumvi ikiganda kwenye mkono huufanya usome chini, na vipovu vikiushikilia husoma juu.

Ukikuta chumvi imepanda, usiishushe kwa mkupuo. Maji matupu mengi kwa ghafla huingia kwenye seli za viumbe hao na kuzivimbisha. Nilitoa jagi la maji ya tangi na kurudisha jagi la maji matupu, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa. Kamba alitoka siku ya sita.

Na kama tangi lako linamwagikia tangi dogo la chini lenye pampu, usitafute upungufu juu. Ukingo wa kumwagikia huyashikilia maji ya juu palepale, na upungufu wote huonekana kwenye chumba cha pampu pekee. Bandika kipande cha utepe hapo, kwenye kioo, usawa wa maji ya siku uliyopima 35.